Usilitupe Gari la Makopo

Mama msomaji, hebu chungulia uvunguni mwa kitanda cha mwanao wa miaka kumi au kumi na miwili. Huenda ukakuta boksi la viatu lenye waya zilizopinda, visoda, vipande vya kandambili, kopo la maziwa lililokatwa katikati na koleo la baba ambalo limetafutwa nyumba nzima kwa wiki mbili. Wewe unaona takataka. Yeye anaona gari.

Katika nyumba nyingi boksi hilo huishia jalalani siku ya usafi. Kabla hujalitupa, tafakari kidogo: mtoto huyu alikuwa anafanya nini hasa, na alikuwa anajifunza nini ambacho hata mwalimu wake angefurahi kukiona?

Watoto wa barabarani na watoto wa mlimani

Watoto wa Kibaha wamekua wakitazama barabara ya Morogoro. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na mabasi ya mikoani hupigana vikumbo na daladala pale Maili Moja. Mtoto wa huko hujua kutofautisha mlio wa Scania na wa Fuso kabla hajaijua vizuri hesabu ya kuzidisha. Basi, akipata waya na kopo, hutengeneza alichokiona: lori lenye tela, lenye usukani wa waya mrefu unaofika kiunoni ili aliendeshe huku akitembea.

Kisarawe nako, ambako barabara hupanda vilima vya Pugu na kuambaa na misitu, watoto wana bahati ya mteremko. Gari lao halihitaji kusukumwa sana. Linahitaji matairi ya duara kamili na ekseli iliyonyooka, la sivyo litapinda na kuingia mtaroni. Mteremko ni mwalimu mkali; hausamehi tairi lililokatwa ovyo.

Lakini siku hizi kuna jambo jipya. Watoto wetu huona katika simu na televisheni magari ya Kimarekani yenye boneti ndefu na injini zinazonguruma, yale ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli. Kijana aliyekuwa akitengeneza malori sasa anataka kutengeneza gari hilo, tena lipakwe rangi nyekundu na mistari miwili meupe juu yake. Mama anauliza: Je, huu si upuuzi? Je, si kumfundisha mtoto majivuno?

Hebu tulitazame gari lenyewe kwanza.

Gari la misuli ni gari gani?

Watu wengi huhesabu mwanzo wa magari haya kuwa mwaka 1964, pale kampuni ya Pontiac ilipochukua gari la ukubwa wa kati na kulitia injini kubwa ya lita 6.4, ikaliita GTO. Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, kampuni ya Ford ilizindua Mustang katika maonyesho ya New York. Ilikuwa siku tisa tu kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Gari hilo lilikuwa na boneti ndefu na buti fupi, na vijana wa Marekani walilipenda mno.

Wasioweza kulinunua walilitengeneza dogo. Huko Marekani kampuni ya AMT ilikuwa imeanza mwaka 1958 kuuza maboksi yenye vipande vya plastiki vya kuunganisha. Mnunuzi aliweza kuliunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au kulibadilisha apendavyo: kulishusha chini, kulitia matairi mapana nyuma, kulipaka rangi ya ajabu. Vigari hivyo kwa kawaida ni sehemu moja ya ishirini na nne au ya ishirini na tano ya gari halisi.

Sisi tusione hayo kuwa mageni. Dereva wa daladala anayeandika jina la Mungu juu ya kioo cha nyuma na kupamba bampa kwa rangi tatu anafanya jambo hilo hilo. Na mtoto wako naye, asiyekuwa na boksi la plastiki kutoka dukani, huanza mbali zaidi kuliko mtoto wa Marekani: vipande vyenyewe lazima avibuni.

Hesabu iliyofichwa ndani ya kopo

Mwambie mwanao kwamba gari zuri dogo ni lile lenye uwiano sawa na gari kubwa. Hapo ndipo hesabu inapoingia bila kubisha hodi.

Mustang ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 4.6 hivi, upana wa mita 1.73 na kimo cha mita 1.3. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kulikuwa na mita 2.74. Kijana akichagua kipimo cha moja kwa kumi, atagawanya kila namba kwa kumi: gari lake litakuwa na urefu wa sentimita 46, upana wa sentimita 17, kimo cha sentimita 13, na ekseli zitaachana kwa sentimita 27. Akiona hilo ni kubwa mno kwa makopo aliyo nayo, achague moja kwa ishirini: sentimita 23 kwa urefu, karibu 9 kwa upana.

Mtoto anayelia kwa sababu ya desimali darasani anaweza kuzifanya kwa furaha akijua kwamba kosa la sentimita mbili litafanya gari lake lionekane kama chura. Mpe rula na karatasi, achore kwanza: ubavu, juu, mbele. Asikate hata waya mmoja kabla mchoro haujakamilika. Kwa kanuni hii moja atajifunza kufikiri kabla ya kutenda, somo ambalo hata sisi watu wazima tunalihitaji.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza ni chasisi. Waya mgumu wa unene wa milimita 2 au 3 hukunjwa kuwa fremu, na viungo vyake hufungwa kwa waya laini ule wa kufungia nondo. Mabaki yake hupatikana penye nyumba inayojengwa, kwa kumwomba fundi kwa adabu. Ekseli ni spoku ya baiskeli iliyokwisha kazi.

Pili ni matairi. Kandambili iliyokatika hutoa matairi mazuri. Duara huchorwa kwa kuzungusha kifuniko cha chupa au kikombe kidogo, kisha vipande viwili hugundishwa pamoja ili tairi liwe nene. Kwa kuwa gari la aina hii huwa na matairi mapana nyuma, huko gundisha vitatu. Kukata kwa wembe mtupu ni hatari. Tumia mkasi imara, au mtu mzima akate kwa kisu.

Tatu ni bodi. Kopo la maziwa au la mafuta hufunguliwa, huoshwa na kunyooshwa kwa nyundo juu ya ubao. Hapa wafundishe watoto siri ya mafundi bati: ukingo wote hukunjwa ndani kwa milimita tatu au nne. Ukingo uliokunjwa haukati mkono, na bati lenyewe huwa gumu zaidi. Asiye na bati atumie boksi gumu, tabaka mbili zilizogundishwa. Vioo hukatwa kutoka chupa ya maji ya plastiki.

Nne ni kusugua. Rangi haishiki vizuri juu ya bati linalong'aa. Bati huoshwa kwa sabuni ili mafuta yatoke, hukaushwa, kisha husuguliwa kwa msasa laini mpaka mng'ao upotee. Baada ya hapo hupakwa praima.

Tano ni rangi. Na hapa ndipo subira ya mtoto hupimwa. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito, maana rangi nzito huchuruzika na kuacha machozi mlangoni. Kila tabaka likauke kabisa kabla ya lingine. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Pwani hujaa unyevu na rangi huchelewa kukauka. Basi subirini siku ya jua. Gari lililopakwa lifunikwe kwa beseni lililoinuliwa kidogo juu ya vijiti, ili vumbi na kuku wasilifikie. Mistari miwili ya juu hupatikana kwa kubandika selotepu ya karatasi pembeni na kupaka katikati. Nembo ndogo na namba huandikwa kwa ncha ya unyoya wa kuku.

Kazi hii yaweza kuchukua Jumamosi tano au sita. Usimharakishe. Mtoto aliyewahi kumaliza kitu kimoja vizuri huona aibu kufanya cha pili ovyo.

Mama, jihadhari na rangi

Hapa nawaomba msome polepole, kwa maana jambo hili linahusu afya ya watoto wetu.

Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi. Mara nyingi rangi nyekundu, njano na ya machungwa ndizo hutiwa madini hayo zaidi, na ndizo watoto wanazozipenda kwa magari yao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayemeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Sumu hiyo hudhuru ubongo: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hukosa utulivu, na madhara yake hayarudi nyuma. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mtu.

Kwa hiyo zingatia haya. Usimpe mtoto mabaki ya rangi kutoka kopo la zamani lisilo na maandishi. Ukinunua, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Usiruhusu msasa mkavu juu ya bati lenye rangi ya zamani, kwa maana vumbi lake ndilo huingia kinywani. Litafutwe bati jipya. Betri ya gari isivunjwe kamwe ili kupata risasi ya kutia uzito ndani ya gari la kuchezea. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na gari lililopakwa rangi lisiachwe mahali ambapo mdogo wake anayetambaa ataweza kulitafuna.

Tina na petroli navyo ni hatari. Kazi ya rangi ifanyike nje, mbali na jiko, na chupa ya tina isiwe chupa ya soda, maana mtoto mwingine aweza kuinywa.

Kuhusu majeraha, bati na waya wenye kutu huleta hofu ya pepopunda. Watoto wetu huchomwa chanjo ya kuwakinga wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini nguvu ya kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na likiwa la kina mpeleke kituo cha afya. Usipake majivu wala kinyesi cha mnyama.

Vigari vilivyozaa mafundi

Wengine watauliza: haya yote yatamfikisha wapi?

Huko Marekani, kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, kampuni ya General Motors iliendesha mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Miaka ya mwanzo vijana walitengeneza mfano mdogo wa gari la farasi la kifalme. Baadaye walibuni magari yao wenyewe, sehemu moja ya kumi na mbili ya gari halisi, kwa mikono yao. Washindi walipewa fedha za masomo. Mmoja wao, Chuck Jordan, alishinda mwaka 1947. Aliajiriwa katika kampuni hiyo, na kuanzia mwaka 1986 hadi 1992 alikuwa makamu wa rais wa kampuni akisimamia ubunifu wa magari yake yote. Alianza na gari la kuweka mezani.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani. Pale pale Kibaha ndipo ulipo mradi unaojulikana kwa jina la Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1985, na ambako malori ya jina hilo yalibuniwa na Watanzania. Na Kibaha hiyo hiyo ndiyo yenye Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Mtoto anayesukuma gari la makopo katika mitaa hiyo yu jirani na kazi kubwa kuliko anavyojua. Mwambie.

Shule nazo zinabadilika. Tangu Januari 2024 baadhi ya sekondari zetu zimeanza mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Mzazi anayeijua mikono ya mwanawe atajua pia la kumshauri wakati wa kuchagua ukifika.

Na binti je?

Yale mashindano ya Marekani yalikuwa ya wavulana peke yao. Hebu fikiri ni wabunifu wangapi walioachwa nje ya mlango kwa miaka thelathini na minane!

Sisi tusirudie jambo hilo nyumbani. Mara nyingi binti huzunguka pale kaka yake anapokunja waya, kisha huitwa jikoni kukuna nazi. Si vibaya kukuna nazi. Vibaya ni kwamba kaka haitwi kamwe. Gawa kazi za nyumba kwa wote, na gawa koleo kwa wote. Msichana anayesuka ukili au kushona kitambaa tayari anajua kupima, kukata na kurudia mpaka mstari unyooke. Huenda rangi yake ikawa safi kuliko ya kaka yake.

Roho wa ufundi, na hatari ya majivuno

Katika kitabu cha Kutoka sura ya 31 tunasoma kwamba Mungu alimwita Bezaleli wa kabila la Yuda kwa jina lake, akamjaza Roho ili abuni na kufanya kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Tena akampa Oholiabu wa kabila la Dani awe msaidizi wake. Mtu huyu hakujazwa Roho ili ahubiri. Alijazwa ili atengeneze vitu vizuri kwa mikono yake. Na Bwana wetu mwenyewe, kama Marko anavyotusimulia katika sura ya 6, alijulikana Nazareti kuwa seremala, na wapo waliomdharau kwa sababu hiyo. Tuwe waangalifu tusije tukawa kama wao mbele ya watoto wetu.

Ni kweli kwamba gari la namna hii limepambwa kwa majivuno. Wako vijana waliopenda mwendo wa kasi hata wakapotea barabarani. Lakini mtoto anayelitengeneza gari hupata nafasi ya kuuliza maswali ambayo anayelitamani tu hayaulizi: Linakula mafuta kiasi gani? Nani anaweza kulimiliki? Breki zake zinafanyaje kazi? Zungumza naye akiwa kazini, mikono yake ikiwa imeshughulika. Wavulana wengi husema ya moyoni wakati huo kuliko wakiketishwa kwenye kiti na kuhojiwa.

Kanuni chache za nyumba

Mpe mtoto kona yake na boksi moja lenye kifuniko, kisha mwambie kwamba kilichomo hakitatupwa bila yeye kuulizwa. Kilicho nje ya boksi wakati wa kulala ni halali ya ufagio. Kwa njia hiyo nyumba hubaki safi na heshima hubaki pia.

Masomo na kazi za nyumba zitangulie. Akiwa darasa la nne au la saba, mwaka wa mtihani, gari lingoje Jumamosi alasiri.

Koleo la baba hurudishwa mahali pake. Heri zaidi baba mwenyewe aje nalo. Baba anayetoka kazini amechoka huenda asiwe na maneno mengi kwa mwanawe, lakini kushika waya huku mwingine akiufunga ni mazungumzo ya kutosha.

Na barabara kuu si uwanja wa michezo. Gari la makopo liendeshwe uani au njia ya ndani ya mtaa. Hili halina mjadala, hasa kwa sisi tunaoishi kando ya barabara ya Morogoro.

Mama mpendwa, mtoto akikuletea gari lake, usiseme tu kwamba ni zuri ukaendelea kuchagua mchele. Lichukue mkononi. Ligeuze, utazame chini, maana chini ndiko alikohangaika zaidi. Muulize ni vipi alizipata ekseli zikanyooka. Utamwona akisimama wima na kuanza kukueleza, naye atakueleza mpaka jua lizame.